Kumwandikia mgombea ambaye bado hajasema "nagombea": mwongozo kutoka Amu

Uchaguzi ukishapita, kabla hata mabango hayajabanduliwa ukutani, baraza za Langoni, mtaa wetu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, huanza kumtafuta mtu wa uchaguzi ujao. Jina hutajwa, kahawa ikapita, likatajwa tena. Mwenyewe yuko Nairobi, hajasema ndiyo wala la. Kijana mmoja akafungua ukurasa kwa jina hilo, akabandika picha aliyoikuta Google, akaandika "Rais wetu 2027". Wiki ya tatu ukurasa umejaa salamu za Ijumaa na matangazo ya mitumba. Kurasa za namna hiyo nimeziona nyingi, na mmoja ulikuwa wangu.

Yanayofuata ni kwa watu watano au sita wenye simu na bando la kawaida, wanaomtaka mtu fulani agombee urais na wako radhi kumwandikia kabla hajatangaza. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Simtaji mtu. Weka jina la wako.

Anza na hesabu, si sifa

Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate mambo mawili kwa pamoja: zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Na hata kabla ya kuingia kwenye karatasi ya kura, lazima aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwenye zaidi ya nusu ya kaunti. Tena 24.

Sasa tazama pale penye robo. Nairobi ina wapiga kura zaidi ya milioni mbili. Lamu mwaka 2022 tulikuwa elfu themanini na kitu. Kwenye kura za nchi nzima sisi ni tone. Lakini kwenye hesabu ya kaunti 24, Nairobi ni moja na Lamu ni moja. Wakijitokeza watu 50,000 hapa, robo yao ni 12,500. Hao unaweza kuwafuata kwa miguu, kwa boti na kwa punda, nyumba baada ya nyumba, na wengine ni shemeji zako.

Waandishi wengi wa pwani huandika kama waombaji: mheshimiwa utukumbuke, mheshimiwa usitusahau. Hesabu hii inasema kinyume. Mtu anayeutaka urais anahitaji kaunti 24, na kaunti ndogo ndizo rahisi kufikiwa. Mna kitu anachokitafuta. Andikeni kama watu wenye mali mkononi.

Mwambie mwenyewe

Mwandikieni barua. Karatasi, ukurasa mmoja, ipelekwe ofisini kwake, nakala mbaki nayo. Semeni nyinyi ni nani, mnataka kumwandikia, hamdai kitu, na mtaandika wazi kwamba hakuwatuma. Huenda asijibu. Si neno. Siku atakapoulizwa na waandishi wa habari kama kundi la Lamu ni lake, hamtaki aseme hawajui na nyinyi mlikuwa mkijiita "ofisi ya kampeni".

Jina la ukurasa lionyeshe hivyo. "Watu wa Lamu wanaomtaka Fulani" ni jina safi. "Fulani Rasmi" ni uongo. Na juu kabisa uwepo mstari mmoja usiotoka: hatukutumwa, hatulipwi, makosa ni yetu.

Kundi lipatikane kwa mahali

Kosa la ukurasa wangu wa kwanza lilikuwa hili: tulikuwa wanne, wote wa Amu mjini, wote tumesoma madrasa moja. Tuliandika "wananchi wa Lamu wanasema" na hatukuwa tumefika Witu mwaka mzima.

Kaunti ina wodi kumi. Faza, Kiunga na Basuba ziko Lamu Mashariki. Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari ziko Lamu Magharibi. Hamuwezi kupata mwandishi kila wodi, lakini tafuteni angalau mmoja Amu, mmoja visiwa vya Wabajuni, mmoja upande wa Mpeketoni na mmoja Witu au Hindi. Wa Mpeketoni atawaambia habari za hati za mashamba ambazo nyinyi wa visiwani hamzijui. Wa Kizingitini atawaambia bei ya kamba imeanguka kabla Amu haijasikia. Na msomaji Mgikuyu, Mpokomo, Muorma au Mboni akiona jina la mtu wa kwao limetia sahihi chini ya makala, hatauliza tena huu ukurasa ni wa kabila gani.

Awepo mmoja asiyeandika kabisa, kazi yake kusoma kabla haijatoka na kusema "hii hapana". Mtafuteni mwanamke mtu mzima asiyeogopa kumkatiza mtu maneno. Wetu wa mara ya pili alikuwa mwalimu mstaafu. Alitufutia makala saba mwezi wa kwanza, na sita kati ya hizo leo namshukuru. Ile ya saba bado nasema alikosea.

Pa kuweka na pa kupitishia

Fungueni blogu moja ya bure iwe ghala. Kila makala ikae humo na tarehe, ili mtu akitaka mliandika nini Machi aione. Facebook na WhatsApp ziwe mitumbwi ya kubebea: aya mbili na kiungo. Nani atafungua? Wachache. Kwa hiyo aya hizo mbili ziwe zimeshasema jambo lenyewe, kwa sababu visiwani mtandao hupotea, na mtu mwenye bando la shilingi ishirini hataliteketeza kwa picha yako ya megabaiti tano. Punguza ukubwa wa picha. Video fupi, dakika moja.

Usidharau sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa Kibajuni unafika kwa bibi asiyesoma Kiswahili cha magazeti. Amu hili si jipya. Miaka ya 1970 watu wa hapa walifanya kampeni ya ubunge kwa mashairi ya kimondo, upande mmoja ukitunga na wa pili ukijibu, yakasambaa kwa kaseti mtaa hadi mtaa. Mkiwa na mtu mwenye kipawa, mpeni hoja ya wiki aifanye beti nne. Beti nne zenye vina husambaa haraka kuliko makala yangu yoyote, na hilo nimelikubali kwa uchungu.

Andika ya hapa

Huku ndiko kwenye kazi yote. Makala mbaya nazijua kwa mstari wa kwanza:

"Mheshimiwa ni kiongozi mwenye maono, mchapakazi, mtetezi wa wanyonge. Pwani tumeamua!"

Toa jina lake, weka la mpinzani wake, sentensi haikubadilika hata kidogo. Haina mahali, haina mtu, haina swali.

Sasa chukua jambo moja la hapa. Mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara na reli kutoka Lamu hadi Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Lamu Machi 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi karibu 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa yale waliyopoteza kwa ajili ya bandari. Meli ya kwanza ilitia nanga Mei 2021. Hizo ni tarehe, zinajulikana, na kila mgombea atakuja kupigwa picha mbele ya gati. Kazi yako ni kwenda kumkalisha mvuvi mmoja na kumwuliza maswali ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuyauliza. Zamani ulikuwa ukivua wapi? Sasa unakwenda wapi? Saa ngapi mpaka ufike? Petroli lita ngapi kwenda na kurudi? Chombo chako kinahimili kusi? Ulilipwa? Kama ulilipwa, pesa ilikwenda wapi?

Usimkatize. Akitaja lita, ziandike palepale. Msomaji husahau bilioni 1.76 kabla ya kufika chini ya ukurasa. Lita za petroli za mtu mmoja haziwezi kumtoka kwa sababu anajua bei ya leo ya lita. Ukimaliza, malizia kwa swali moja kwa mtu wenu, mfano:

"Mheshimiwa, wavuvi hawa wanatakiwa sasa waende bahari kuu kwa vyombo vya pwani. Ukipewa nchi, fedha za vyombo vya bahari kuu utazipitisha wapi, na nani wa hapa atakayezisimamia?"

Moja tu. Maswali kumi hujibiwa kwa "tutalishughulikia".

Angalia kitu hapo: hukumsifu, na bado umemfanyia kampeni kubwa kuliko mabango. Akijibu, mna habari na ana sera. Asipojibu, mmejua kitu kumhusu mapema, na bora mjue Machi kuliko Agosti.

Fanyeni hivyo kwa mambo sita hivi kisha muyarudie. Ya kwetu yalikuwa uvuvi, mashamba ya Mpeketoni na Witu, gharama ya kuvusha mgonjwa kutoka visiwani, vitambulisho, walimu wanaohamishwa hawarudishwi wengine, na makaa ya mawe. Hilo la mwisho lina funzo: leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ilifutwa na mahakama ya mazingira Juni 2019, na kilichosaidia ni watu wa hapa waliokaa na makaratasi miaka, si kelele za wiki mbili. Mtu wenu alisema nini wakati ule? Kama alikaa kimya, andikeni alikaa kimya. Ukurasa usioweza kumkosoa mtu wake mara moja kwa mwezi hausomwi na asiyekuwa tayari upande wenu, na walio upande wenu hamna haja ya kuwashawishi.

Mkungu uko wapi?

Siku moja nililetewa picha ya umati mkubwa, ukuta wa mawe nyuma, maandishi chini: "Mkunguni leo, Lamu yamtaka." Nilikuwa Mombasa. Niliipeleka ukurasani dakika ileile. Baada ya saa moja mzee wa jirani yetu akanipigia. Hakusalimia.

"Hapa ni Mkunguni?"

"Naam, mzee."

"Na mkungu uko wapi?"

Nikaitazama tena. Umati, ukuta, jua. Mti hakuna. Uwanja wa mbele ya ngome, uliopewa jina na mti, picha haina hata kivuli chake. Nilifuta, nikaandika nimekosea, na kwa mwezi mzima nikipita barazani mtu huniuliza kama nimeuona mkungu.

Kwa hiyo: picha isiyopigwa na mmoja wenu hailali ukurasani mpaka mambo matatu yafanyike. Itafuteni kwenye Google kwa picha yenyewe, mwone kama ilitoka zamani. Mpigieni mtu aliye mahali hapo. Kisha itazameni kwa macho ya mwenyeji: maji yamejaa au yamekupwa saa hiyo, vyombo ni vya wapi, kanga ni za namna gani, mti uko wapi. Mkikosea, sahihisheni kwa ukubwa uleule wa kosa, na msifute kimyakimya. Watu wamekwisha kupiga picha ya skrini.

Na kuna picha zisizopigwa kabisa. Wanajeshi na magari yao upande wa Basuba na Kiunga, acha. Mtu anayepokea mchele wa mwanasiasa, acha, hata kama mwanasiasa ni wa upande wa pili. Yule mama ana watoto shuleni.

Sheria

Someni wenyewe sheria ya 2008 ya utangamano wa kitaifa. Iliandikwa baada ya watu zaidi ya elfu moja kuuawa kufuatia uchaguzi wa 2007, na maneno ya chuki ya kikabila yanaweza kukupeleka jela hadi miaka mitatu au faini hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. "Wabara warudi kwao" ni maneno ya namna hiyo, hata yakiandikwa na mtu aliyekasirika usiku. Msimamizi wa kundi la WhatsApp ayafute na amtoe aliyeandika, asingoje asubuhi. Ipo pia sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 na ya kulinda taarifa za watu ya 2019. Rushwa ya wapiga kura ina sheria yake ya 2016. Mkiwa na shaka na makala, muulizeni wakili kabla, maana baada yake ni ghali.

Msikitini msiandike wala msipige picha za kampeni. Maulidi vilevile. Hili halihitaji sheria.

Pesa

Itakuja. Kwanza kama "ya bando", elfu mbili kwa M-Pesa kutoka namba usiyoijua, na ujumbe "kazi nzuri, endeleeni". Wiki ya pili ujumbe unakuja na makala iliyoandikwa tayari. Rudisheni elfu mbili siku hiyohiyo. Mkiamua kupokea msaada, basi uwe wa watu wa hapa, kiasi kidogo, namba ishikwe na watu watatu, na hesabu ibandikwe ukurasani kila mwisho wa mwezi hadi shilingi ya karanga. Akitokea mmoja wenu kuajiriwa na mwanasiasa yeyote, aseme na atoke kwenye kuandika. Si uadui. Anakaribishwa chai.

Toka kwenye simu

Marekani mwaka 2003 wanablogu walimsukuma jenerali mstaafu Wesley Clark awanie urais kwa chama cha Democratic, na kweli Septemba akatangaza. Februari 2004 alikuwa amejitoa, jimbo aliloshinda katika mchujo wa chama ni Oklahoma peke yake. Katika mchujo huohuo Howard Dean alikuwa ndiye kipenzi cha mtandao, fedha zikimjia kwa watu wadogo wadogo. Wafuasi wake wakamiminika Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura ya mchujo, kutoka majimbo mengine wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wakabisha hodi milangoni kwa watu wasiowajua. Hapo Iowa Dean alikuwa wa tatu. Mimi nikisoma habari ile huona kundi la vijana wa Mombasa wamevaa fulana mpya, wamefika Siyu, wanamwuliza mzee chooni ni wapi.

Kwa hiyo kila makala mia mbili za kusifiana mtandaoni zina thamani ndogo kuliko orodha hii. Andikisheni wapiga kura: mwenye miaka 18 na kitambulisho aende IEBC, tume ya uchaguzi. Wale vijana wa Amu wanaofanya kazi Mombasa na Malindi, waulizeni wamejiandikisha wapi. Aliyejiandikisha Mvita ni kura ya Mombasa, na sahihi yake haihesabiki katika zile 2,000 za Lamu.

Hizo 2,000 msizisubiri dakika ya mwisho. Mwaka 2022 waliotaka urais walikuwa makumi, waliobaki kwenye karatasi ya kura walikuwa wanne, na wengi waliobaki nje waliangushwa na sahihi. Gawanyeni: 200 kila wodi, na Mkomani ibebe zaidi ili Basuba ibebe kidogo. Fomu zenyewe mngoje za IEBC. Sasa hivi tengenezeni orodha ya nani atakubali na anaishi wapi. Mtu asipigwe picha ya kitambulisho ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Daftari moja, kabati moja, ufunguo kwa yule mwalimu.

Akikataa

Jiandaeni kwa hili tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndilo linalotokea mara nyingi. Mei 2022 Kalonzo Musyoka, kiongozi wa chama cha Wiper, alitangaza anawania urais kivyake. Wiki tatu hazikuisha alikuwa amerudi Azimio, muungano wa Raila Odinga. Wako atafuata meza ya wakubwa vilevile, au atapewa unaibu, au atachoka.

Andikeni ukurasani siku hiyohiyo, kwa maneno machache: hakugombea, hatumhamishii mtu yeyote kura zenu. Yale maswali sita yabaki, na jina la ukurasa libadilike. Muwatumie wagombea wote waliobaki, majibu myaweke sawa kwa sawa. Pesa iliyobaki irudi kwa waliotoa. Na lile daftari la majina na namba za vitambulisho lichomwe mbele ya watu wawili. Nasema lichomwe kwa sababu baada ya kampeni moja nilinunua bajia jioni, nikakunjua karatasi nile, na ndani yake, mafuta yamepenya, kulikuwa na majina ishirini na tatu ya watu wa mtaa wetu, sahihi zao na namba zao. La nane lilikuwa la mama yangu mdogo.